Dengu ya Nyota ya Bombay

Jumamosi, 1 Juni 2019
Ketaki kaniburuta hadi Nyota ya Bombay, mgahawa mpya kule mtoni, hapa Mackay. Tunafanya kazi pamoja kwenye nyumba ya wazee. Mzaliwa wa Pune, na ulimi wake hauna breki. Hakupenda kitu! Kuku mtamu kama keki. Roti ngumu. "Hiki si chakula cha India," anasema, "hii ni India ya kwenye kalenda." Nikamwambia India mimi sijafika, ni babu wa babu yangu aliyepelekwa Fiji kukata miwa. Akacheka. Ndiyo maana, ninyi watu wa Fiji mnapika kwa kukisia!

Kisha ikaja dengu.

Kijiko kimoja tu. Nikakiweka chini.

Uwatu uliokaangwa mpaka ukakaribia kuungua. Embe bichi lililochomwa, na moshi wake ndani. Mama! Ana miaka mitatu tangu afe, nimemwosha kwa mikono hii — na leo yumo kwenye bakuli la bati, watu wanapiga soga pembeni.

Ketaki anasema dengu imeungua. Akamwambia hata mhudumu. Mimi nikanywa maji.

Jumapili, 2 Juni
Nyumba nzima inanuka uwatu. Sijapika chochote. Nimefungua madirisha, nimeosha nywele, nimefua mapazia. Bado.

Jumanne, 4 Juni
Nimerudi peke yangu, chakula cha mchana. Mhudumu ni binti mchangamfu, Shayal. Nikamuuliza nani anapika dengu. Mama yangu, anasema. Wa wapi? Akainama kama mtu anayetoa siri: wateja tunawaambia Bombay, lakini kwao ni Taveuni. "Nani angekuja kula Nyota ya Taveuni, shangazi?"

Taveuni ni kisiwa cha Fiji. Kwetu.

Mlango wa jikoni ukasukumwa. Mwanamke kanipa mgongo, anakoroga. Kasimama kwa mguu mmoja, wa pili kauegemeza kwenye shavu la mguu ule, kama korongo. Duniani namjua mtu mmoja tu anayesimama hivyo mbele ya jiko.

Sumintra. Wifi yangu. Mke wa kwanza wa mdogo wangu Ramendra — yule tuliyemrudisha kwao mwaka 1995 na sanduku moja.

Nikalipa, nikatoka. Dengu nimeiacha nusu.

Alhamisi, 6 Juni
Niandike basi. Humu hasomi mtu ila mimi.

Miaka saba Sumintra alikaa kwetu Labasa, huko Fiji, bila mtoto. Mama hakuacha kumsimanga. Mti mkavu. Chungu kitupu. Mwishowe yeye na Ramendra wakapelekwa kwa daktari Suva, na baada ya mwezi barua ikaja, ya Kiingereza. Mama hakujua kusoma. Ramendra hakutaka kuishika. Mwalimu nilikuwa mimi.

Naiona sebule ile. Mama kitini. Ramendra kainamisha kichwa. Sumintra kasimama kwenye mlango wa jikoni, mikono ina unga. "Soma, tusikie!" Mama anasema. Nikatanguliza macho. Tatizo ni la mume. Limeandikwa wazi kabisa. Nikainua uso, Ramendra ananitazama. Mwana wa kiume wa pekee. Nilimbeba mgongoni mimi! Akatikisa kichwa — kidogo, kidogo sana.

Palipoandikwa mume, nikasoma mke.

Neno moja.

Sumintra hakulia. Aliuliza tu kama azime jiko. Wiki mbili baadaye baba yake akaja kumchukua.

Jumamosi, 8 Juni
Niliapa siendi. Nikaenda.

Saa nane, wateja wameshaondoka. Akatoka mwenyewe na vikombe viwili vya chai. "Wifi Premila! Unaikimbia dengu yangu? Jumanne nilikuona kisogo tu, nikakijua!" Kicheko kilekile. Amenenepa, nywele kazipaka hina. Akakaa, akavua viatu, akaniambia yote kana kwamba tuliachana wiki iliyopita. Aliolewa tena mwaka uliofuata, na dereva wa lori, mtu mpole. Shayal akazaliwa '97. Mume alifariki miaka mitano iliyopita.

"Yule daktari alikosea, wifi," anasema. "Mungu amsamehe. Karatasi tu, watu wanachanganya majina."

Nilishika kikombe kwa mikono miwili.

"Na wewe sijawahi kukuwekea kinyongo. Katika nyumba ile ni wewe tu hukunitendea ubaya. Wewe ulisoma kilichoandikwa."

Nikabadili mazungumzo. Nikasema dengu! Nikasema umeutunza mkono wa Mama, wifi, kutushinda sisi aliotuzaa. Nilipoonja nilidhani amefufuka.

Akanitazama. "Mkono wa nani?"

"Wa Mama."

"Wifi. Mama yako alikuwa hapiki. Vidole vilikakamaa kwa baridi yabisi kabla hata sijaolewa. Dengu hii ni ya mama yangu, ya Taveuni. Wewe ulikuwa unatoka shule, unakuta chungu mezani, unakula." Hakusema kwa hasira. Alisema kama anayemsahihisha mteja aliyekosea jina la chakula. Kisha akacheka: "Na rafiki yako yule katuma ujumbe jikoni eti imeungua! Hakosei. Mama yangu aliiunguza siku moja kwa bahati mbaya, baba akaomba tena."

Sikumbuki niliagaje.

Jumapili, 9 Juni
Najaribu kukumbuka dengu ya Mama. Ya kabla ya 1988, kabla Sumintra hajaja. Nimekaa na kalamu tangu asubuhi.

Njano. Chumvi. Maji.

Basi. Sioni kingine.

Alipoondoka Sumintra, dengu tuliyopika kwa maelekezo ya Mama ikawa maji matupu, na Mama akasema viungo vya siku hizi havina nguvu. Tukaamini! Miaka ishirini na minne nimeamini. Siku ya mazishi nilisimama mbele ya watu nikaisifu dengu yake, nikataja uwatu, nikataja embe, wanawake wakalia.

Nimempoteza Mama mara ya pili. Safari hii hakuna maiti ya kuosha.

Jumanne, 11 Juni
Nimempigia Ramendra, Sydney. Nikasema Sumintra yuko hapa Mackay.

Nasikia televisheni yake, kriketi. Kisha: Ana hali gani, dada?

Ana binti. Mkubwa.

Yeye na mke wa pili hawakupata mtoto. Huyo naye alisimangwa mpaka Mama alipokufa.

"Usimwambie," anasema. "Dada, nakuomba. Nina presha. Mambo ya zamani hayo, yatamsaidia nini?" Nikasema sijui. Nikasema anadhani daktari alikosea. "Basi mwache adhani! Si ameshasamehe? Unataka nini tena?"

Nilikuwa nakaribia kukata simu akauliza, kwa sauti ndogo: bado anapika ile dengu?

Alijua! Siku zote alijua ni ya nani. Siku ya mazishi alisimama pembeni yangu akinisikia naisifu, na akanyamaza.

Ijumaa, 14 Juni
Nimefungua sanduku la Mama. Lilikuwa chini ya kitanda tangu afe, sijathubutu kuligusa. Sari yake nyeupe, miwani, picha ya baba. Na barua.

Barua yenyewe. Jina la daktari wa Suva juu.

Mtu asiyejua kusoma. Kwa nini ameitunza miaka ishirini na moja? Na mikunjo imechakaa, mmoja umepasuka — kama kitu kilichofunguliwa mara nyingi. Nani alimsomea? Lini? Miaka aliyokaa nami hapa alinitazama kila siku kutoka kile kiti chake, akanywa chai niliyompa, akanishika mkono hospitalini. Alikuwa anajua?

Hakuna wa kumuuliza. Kiti kiko pale. Nimekigeuza kitazame ukuta.

Jumamosi, 15 Juni
Nyota ya Bombay. Saa saba na dakika arobaini. Naandika hapahapa, ili mikono iwe na kazi.

Nimempa barua. Mlangoni mwa jikoni, wateja wamejaa, nimekuja saa mbaya lakini ningengoja ningerudi nyumbani. Nikasema: wifi, daktari hakukosea. Nikasema sikuisoma ilivyoandikwa.

Akafuta mikono. Akasoma taratibu, kwa kidole, mstari kwa mstari, Kiingereza ambacho zamani hakukijua. Kwenye mstari ule kidole kikasimama. Akaikunja, akaitia mfuko wa aproni. Akamwambia Shayal: roti meza ya nne. Akanitazama mimi — si kwa chuki, bali kama anayehesabu miaka. "Kaa pale dirishani. Usiondoke."

Nimekaa. Ndani nasikia sufuria zinagongwa. Hakutuma chakula.

Baadaye akaja na glasi ya maji. Hakukaa.

"Ramendra alijua?"

Alijua.

"Mama yako?"

Nikasema sijui. Nikasema, nadhani.

Akatikisa kichwa. "Wateja wakiisha nitafunga mlango, nitamwita Shayal akae hapa. Utatusomea. Kwanza ilivyoandikwa." Akaweka glasi mezani. "Halafu utaisoma ulivyoisoma siku ile. Kwa sauti ileile, wifi. Binti yangu aisikie."

Meza tatu zilikuwa na watu. Sasa mbili.

Sasa moja. Mzungu mmoja mzee na mkewe. Anamwambia Shayal kwamba aliwahi kufika Delhi ujanani, na hii dengu ndiyo yenyewe, ya kweli kabisa, hajaionja tena mpaka leo. Shayal anasema asante. Jikoni kumekuwa kimya, sufuria hazigongwi tena. Mke anatafuta miwani yake mkobani. Wanainuka —

Hapana. Mzee ameagiza chai.

Shayal kaileta. Ina moto sana, anamwonya, aache ipoe kwanza.

Acha ipoe, mzee. Acha ipoe.