Kiatu cha Kutelezea

Jumapili

Miaka saba nahangaika nisiteleze kwenye barafu ya Minnesota, na leo binti yangu Salma kanivisha kiatu cha kutelezea! Ilikuwa siku ya wazazi kwenye mchezo wao wa kutelezesha mawe mazito juu ya barafu, yakasimame ndani ya duara lililochorwa mbali.

"Mama, jisukume kwa mguu wa kulia, teleza na wa kushoto, na jiwe usiliegemee."

Nililiegemea. Nikaanguka kifudifudi, hijabu imenifunika macho. Nikaogopa hata kumtazama. Siku hizi nahisi ananionea haya mbele ya wenzake.

Jiwe lenyewe liliendelea bila mimi, likatulia katikati kabisa ya duara.

"Huyo ni mamangu!" Salma akapiga kelele, ukumbi mzima ukasikia. Kocha akasema nimekosea kila hatua.

Goti limevimba kama andazi. Sijafurahi hivi tangu tuhamie hapa.