Nani Atamtoa Mtoto Juani

Dada yangu mpenzi,

Kabla ya yote pokea salamu zangu, na ukishazipokea uketi vizuri, maana barua hii si ya kusomwa umesimama jikoni. Goti lako vipi? Ile dawa ya kuchua bado unayo, au umeshampa jirani kama kawaida yako? Na shemeji, kikohozi kimempungua? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, ila baridi ya huku imenivalisha nguo juu ya nguo hadi natembea kama godoro lililofungwa kamba.

Mwanangu hajambo, tena amependeza. Najua huko nyumbani mmezoea kusema ni fundi lifti tu. Basi nimemwona kwa macho yangu kwenye hospitali kubwa anakofanya kazi: lifti ikigoma, madaktari na shahada zao zote wanasimama mlangoni wakimsubiri yeye. Akibonyeza, wanapanda. Asipobonyeza, watumie miguu waliyopewa na Mungu. Kwa hiyo mimi namwita Injinia, na wewe mwite hivyo hivyo. Mjukuu wetu naye, dada, usiniulize. Paji la uso ni la baba yetu mtupu, masikio ni yangu. Pua sijui kaitoa wapi, nadhani ni ya upande wa pili.

Na huo upande wa pili ndio ulionitia kalamu mkononi.

Mama yake mke wa Injinia, huyo mkwe mwenzangu, anafanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali hiyo hiyo. Alinipeleka nikaone. Ni chumba cha chini, kina mvuke kama sufuria, mashuka yanaingia kwenye mashine upande huu yamekunjamana na kutokea upande ule yamenyooka kama karatasi. Wote mle ndani wanamwita Mama, hata msimamizi wao mwenye mvi. Nikasema haya, sawa, watu wana heshima. Kumbe mchana mwanangu anashuka mle kula naye! Mimi nilidhani tangu aondoke nyumbani anakula peke yake, nikawa nakosa usingizi kwa kumwonea huruma. Kumbe mwenzangu anamfungulia kibakuli, anamfuta hata jasho.

Usifikiri ni mgeni wa lugha yetu. Ni wa huko huko kwetu, aliondoka angali bi harusi. Anazungumza kama redio ya zamani, kwa maneno ambayo mimi na wewe tuliyasikia kwa bibi. Mpole, sauti ya chini, hana neno na mtu. Na watu wa namna hiyo ndio wa kuogopa, maana hupati pa kumshikia.

Sasa nikueleze majira ya huku, uelewe kilichotokea. Nilipofika, mchana ulikuwa kama mgeni mwenye haraka: anapiga hodi, hakai, anaaga. Siku ya kwanza nikaona giza limeingia, nikapakua chakula cha usiku, nikawahimiza watu kulala. Mkwe wangu akaniambia kwa adabu kwamba ndiyo kwanza saa kumi jioni, na mume wake bado yuko kazini. Walicheka hadi mtoto akaamka. Sisi, dada, tumezaliwa jua likitoka na kuzama saa zile zile mwaka mzima. Huku jua halina ahadi.

Basi kipindi hicho cha giza wanatundika mapazia mazito kila dirisha, na mtoto aliyezaliwa humo hatolewi nje hovyo. Halafu mchana unarefuka kidogo kidogo mpaka inafika siku moja usiku na mchana vinalingana. Siku hiyo kwenye familia ya mkwe mwenzangu ni kubwa. Yeye mwenyewe huja alfajiri, anatungua mapazia yote, anamchukua mtoto mchanga na kumtoa roshani jua likichomoza. Wanasema mtoto hushika hulka ya aliyemtoa. Watoto wake wote aliwatoa yeye, wajukuu waliotangulia vilevile.

Nikauliza mezani, mbele ya wote, mbona sisi usiku na mchana vinalingana kila siku ya Mungu na hatujawahi kupigia vigelegele? Nikaongeza kwamba ni kama mtu kufanya sherehe kwa sababu viatu vyake vyote viwili vina soli. Injinia alicheka, mkewe akainamia sahani. Mwenzangu akanitazama, akasema taratibu kwamba ni kweli, nyinyi mna bahati. Mimi nikasikia kejeli. Nikajisemea, huyu amejifanya mwenyeji, anatuletea ibada za wenye baridi.

Nikamvuta Injinia pembeni, nikamwomba mtoto nimtoe mimi. Nimepanda ndege mara ya kwanza maishani, nimekuja na kitenge kipya cha kumbebea, huyo bibi mwingine anamwona mtoto kila wiki. Mwanangu, niliyemnyonyesha mimi, akaniambia nisikasirike, jambo hilo walishakubaliana tangu mimba, ni la Mama. Dada, alisema Mama, na hakuwa ananiita mimi.

Nilikaa na neno hilo siku kadhaa. Nilifikiria huyu mtoto akishika hulka ya yule, atakuwa mtu wa kunong'ona. Katika ukoo wetu nani ananong'ona? Sisi tukicheka, jirani anajua.

Siku yenyewe nikaamka kabla yao. Nikapanda kigoda, nikatungua mapazia yote ya sebuleni, mazito kama ngozi mbichi, vumbi likanijaa puani. Nikamfunga mtoto kwenye kitenge changu, nikafungua mlango wa roshani. Baridi ilikuwapo, lakini si ya kuua. Na jua, dada yangu, lilikuwa linapanda nyuma ya maghorofa. Nikatazama saa yangu ya mkononi: saa kumi na mbili! Tangu nifike, saa yangu na jua havikuwa vinasalimiana. Siku hiyo vilikutana. Nikaona hata mbingu zimenipa haki yangu, hii ni siku ya kwetu kabisa, imekuja kunitembelea.

Nikachungulia chini, nikamwona mwenzangu anatoka kituo cha basi, anakaribia kukimbia, koti limemlemea, mkononi mfuko. Akainua uso. Hapo ningeweza kurudi ndani, lakini nikamnyanyua mtoto juu, aone vizuri. Jua likampiga mtoto usoni, akapiga chafya. Yule mama akasimama. Hakupunga mkono, hakupanda ngazi. Akaketi kwenye benchi la mlangoni kama mtu aliyekuta ofisi imefungwa.

Mkwe wangu alitoka chumbani, akaona madirisha yako wazi, akaelewa. Akanipokea mtoto kama unavyompokea mgeni sahani, kwa asante ndogo. Injinia hakunigombeza, alivaa viatu tu. Nikamwambia akae, nitashuka mwenyewe, mambo ya wanawake wayamalize wanawake. Nilishuka nikiwa nimejiandaa kwa ugomvi, dada, maneno nimeyapanga mdomoni kama risasi.

Hakuna aliyenipiga. Mwenzangu alisogea nikae. Akaniuliza kama mtoto alilia, nikasema alipiga chafya. Akatabasamu, akasema hiyo ni afya. Kisha akanieleza, na ndilo jambo lililonifanya nikuandikie.

Alisema hakuna mtu huku anayeifanya siku ile. Wenyeji wana yao. Hii aliianzisha yeye. Alikuja bi harusi mdogo, na kipindi cha giza cha kwanza mama yake akafariki huko nyumbani, asiweze kwenda kumzika. Alikaa nyuma ya mapazia, hajui asubuhi wala jioni. Siku moja akasikia kengele ya saa kumi na mbili, akafungua pazia kwa bahati tu, jua nalo likawa linatoka. Akajua kwamba saa ile ile, nyumba ya mama yake nayo inapata jua. Akatungua mapazia yote. Tangu hapo kila mwaka siku ikilingana huenda nje asubuhi kulipokea, jioni kulisindikiza, kwa sababu siku hiyo jua la huku linafuata saa za kwao. Watoto aliwatoa ili wawe wameonja jua la kwao. Hayo ya hulka waliyaongeza watoto wenyewe.

Nikaona aibu, lakini nisikudanganye, wivu haukuondoka. Nilimwonea wivu hata kwa huzuni yake, jinsi alivyoitengeneza vizuri. Mimi nina jua hilo kila siku na sijawahi kulisalimia.

Nikamuuliza kwa nini hakurudi hata kutembea. Akasema mama hayupo, nduguze wametawanyika, akifika atafikia kwa nani? Hapo ndipo ulimi wangu ulipokimbia kabla yangu, dada. Nikamwambia: utafikia kwangu.

Akanishika mkono kwa nguvu ambazo sikujua anazo. Jioni tulikwenda roshani wote wawili na mtoto, nikamwachia amshike yeye, muda mrefu kuliko nilivyopanga.

Basi mwezi ujao nakuja naye. Najua kosa langu: sikukuuliza kwanza, na chumba cha wageni kiko kwako. Kifagiwe, kile kitanda chenye mguu mbovu kipigwe msumari, dirisha la upande wa mawio liachwe bila pazia. Mpe maji ya moto asubuhi, hajazoea ya bomba.

Msalimie shemeji, wasalimie wanao na wakwe zako wote, na yule jirani wa dawa ya kuchua. Injinia anakusalimu, mjukuu naye ameshika kona ya karatasi hii, ndiyo maana imekunjika.

Nakujua moyo wako, utampenda. Mpende, lakini kwa kiasi. Na nikikusikia unamwita ‘mdogo wangu’, nitarudi huku kwenye baridi siku hiyo hiyo.

Ni mimi, mdogo wako wa pekee,

Mama Injinia