Ng'ombe Wana Taa, Ndinda Ana Koroboi

Musyoka,

Hata aibu huna. Mtu mzima, mzee wa kanisa, unawafungulia mbwa watu wa stima waliokuja kuvuta waya wa umeme! Nimesikia yote, na usiniambie eti walikosea njia.

Haya, hamjambo huko Kangundo? Ule mguu wako umeshuka uvimbe? Mimi niko mzima, ni baridi tu ya huku Uingereza inaniingia mpaka kwa meno. Dada yako Mwikali ananitunza vizuri, ingawa chai yake siku hizi ni maji ya kuoshea vikombe.

Sasa sikiza. Juzi Mwikali alinipeleka kuona bahari. Nikaona meli kubwa imesimama, inateremsha waya mnene kama mguu wa ndama, inaulaza huko chini.

"Hiyo ni nini?"

"Ni ya stima, Mama. Inaenda mpaka nchi jirani, ng'ambo ile."

"Kwa maji? Na samaki hawapigwi shoti?"

Akacheka mpaka watu wakageuka. Akanieleza stima yao inatoka kwa upepo: ukivuma sana huku, hawa wanawatumia wale stima. Ukitulia, wale wanawatumia hawa.

"Si hao ndio babu zao waliuana vitani?"

"Ndio hao hao, Mama."

Musyoka, niliona aibu, na si yangu, ni yako. Watoto wa watu waliouana wanapitishiana stima chini ya bahari, na wewe umekataa waya upite juu ya kahawa yako ufike kwa Kalondu, mjane wa ndugu yako Mutua, hapo tu nyuma ya makonge! Eti ukikubali posti moja ya stima, kesho atadai shamba. Nyamaza! Mimi ndiye nilikuzaa, najua unachotaka. Unataka giza limchoshe arudi kwao. Haendi popote. Mahali nyumba ile imesimama ni mimi nilimwonyesha Mutua ajenge, akiwa hai.

Na yule mjukuu wangu, msichana wa Kalondu, alinipigia simu. Yuko Fomu Foo, mwaka wa mtihani, anasoma na koroboi ya mafuta ya taa, pua imejaa masizi. "Susu," akaniambia, "kwa zizi la ami Musyoka taa inawaka mpaka asubuhi."

Yaani ng'ombe! Umesahau mtoto huyo anaitwa nani? Alipewa jina langu. Tangu akiwa wa kubebwa mgongoni unamwita mwaitu, mama, na mbele ya watu unamwamkia hivyo ukitabasamu. Basi ni mama yako umemkalisha gizani, ukawawashia ng'ombe.

Nisalimie mke wako, najua alikukataza ukamfokea. Salimia shangazi yako wa duka la unga, na pasta, umwambie ulichofanya. Kalondu usimpelekee salamu zangu za mdomo. Mpelekee stima.

Ukimaliza kusoma hii, nenda Machakos mjini, uombe watu wa stima msamaha, uwarudishe nyumbani. Shimo la posti ulichimbe wewe mwenyewe, hapo katikati ya kahawa, Kalondu akikuona. Halafu msichana anipigie simu ile ya kuonana, nimwone amekaa chini ya balbu na kitabu chake. Kabla sijamwona, usiniite mwaitu, mimi wala yeye.

Ni mimi, Ndinda mkubwa.

Na hao mbwa uwafunge.