Anti kutoka Paje

Jumatatu, 8 Septemba. Paje.
Kaiti tatu leo, yale matanga ya wageni ya kuteleza baharini. Mbili zimechanika pembeni, moja imepasuka katikati kama shuka kuukuu. Nimeshona hadi adhuhuri. Upepo wa kusi umeanza kulegea, wageni wanapungua. Jana Mama alipiga simu kutoka nyumbani, Nyaishozi. Ameanguka mgombani, nyonga imevunjika. Hakuniambia nirudi. Alisema tu, "Asimwe anapika mwenyewe sasa."
Asimwe ni mwanangu. Ana miaka tisa. Nilimwacha ana mmoja.

Jumanne, 9 Septemba.
Nimemwambia bosi. Akauliza, likizo au moja kwa moja? Nikasema likizo. Dakika tano baadaye nikarudi nikasema moja kwa moja. Kisha nikajifungia chooni nikalia. Sijui nilikuwa nalia nini. Miaka minane nimekuwa nikisema nitarudi nyumbani.

Alhamisi, 11 Septemba.
Nimegawa vitu. Kitanda, jiko, pazia. Bi Mwanaidi, mwenye nyumba wangu, amekataa kila kitu. Huyu ndiye aliyenilaza kwake wiki mbili nilipougua, na Mama hakujua hata kama naumwa. Nimemwambia naogopa.
"Wamwogopa mwanao?"
Ndiyo. Akaendelea kukuna nazi. Halafu akasema, "Basi nenda na woga wako. Mtoto hangoji mpaka uache kuogopa."
Nimemkasirikia. Nilitaka aniambie nibaki.

Ijumaa, 12 Septemba.
Asubuhi nimepita ufukweni. Maji yamejaa, kaiti zimetanda angani. Moja ina kiraka chekundu, kazi yangu ile. Miaka yote hii sijapanda hata mara moja. Bi Mwanaidi akanisindikiza hadi barabarani. Alinishika mkono, akawa hauachii. Dereva akapiga honi.

Jumapili, 14 Septemba. Nyaishozi.
Basi lilinishusha Omurushaka, nikachukua bodaboda. Baridi. Nilikuwa nimeisahau. Asimwe alikuwa uani anageuza kahawa kwenye mkeka. Mrefu kuliko kwenye picha. Akapiga goti.
"Shikamoo, anti."
Mama akasema kutoka ndani, kwa Kinyambo, lugha yetu, kwamba huyo ndiye mama yake.
"Najua," akasema Asimwe. Akaendelea kugeuza kahawa.
Nilisimama na begi kama mtu aliyekosea nyumba.

Jumanne, 16 Septemba.
Namwogesha Mama. Ni mwepesi, naogopa kumshika. Asimwe anamwita yeye Mama. Mimi leo hajaniita chochote. Kinyambo changu kinakwama. Watoto wa jirani wamenipa jina, Mpemba. Kule Paje miaka minane nilikuwa mtu wa bara.
Bosi ametuma ujumbe: upepo wa kaskazi unaanza Desemba, nafasi yako ipo. Nimeusoma mara nne. Sikujibu. Nikikaa chooni nawaza bahari. Nikimwona Asimwe amebeba dumu naona aibu ya kuwaza bahari.

Jumatano, 17 Septemba.
Asimwe ameniuliza, "Utaondoka lini?"
Si kwa ubaya. Kama mgeni anavyoulizwa, ili watu wajue wapike kiasi gani.
Nikasema siondoki. Akatazama begi langu. Siku ya nne, bado limefungwa. Akaenda zake kuchota maji. Nilikaa kitandani. Kama angelia, kama angenitukana, ningejua la kufanya. Nimwombe msamaha? Kwa maneno gani? Kwa lugha gani? Nimetoa nguo zote, nikazitundika kwenye kamba ya chumbani. Sikujisikia nafuu.

Ijumaa, 19 Septemba.
Nimemjibu bosi asubuhi. Ampe mwingine. Sijui kama nimefanya vyema.
Mchana tumemenya ndizi, mimi na Asimwe. Namenya vibaya, nabakiza ganda. Alinitazama muda mrefu, kisha akanichukulia kisu akanionyesha. Nikajaribu. Akatikisa kichwa. Nikajaribu tena. Utomvu ulituganda vidoleni wote wawili.
Mama akaita kutoka chumbani, anataka kugeuzwa. Niliinuka nusu, nikasita. Huwa anageuzwa na Asimwe.
"Nenda wewe," akasema, bila kuinua macho. "Mimi namalizia hizi."
Nikanawa mikono, nikaenda.