Magunia Niliyoyasema Mbele ya Watson

Ndalambo,
8 Julai 2014

Dada Yunisi, kazi ya Gloria ya chuo imekataliwa, na mwalimu wake anakuja hapa kwangu kuliangalia shamba.

Nimeanza hivyo hata shikamoo sijakupa, unisamehe. Shikamoo dada. Magoti yanaendeleaje na baridi ya huko Ileje? Sisi tu wazima, ila usingizi sina.

Unajua Gloria ndiye mtoto pekee wa Ndalambo anayesomea mambo ya setilaiti. Kanisani wote wanajua, nimewaambia. Anachukua picha zilizopigwa kutoka angani, anaangalia ukijani wa mahindi tangu yakiwa madogo mpaka yabebe, halafu anakadiria shamba litatoa magunia mangapi. Jirani yangu Watson alimwuliza kama hiyo setilaiti imemwona mbuzi wake aliyepotea. Nikamjibu kwamba mwanangu hakwenda chuo kuchunga.

Basi alipima mashamba matano ya hapa, na baada ya mavuno kila mwenye shamba akataja alichopata, ili alinganishe. Manne yamekubaliana na picha. La kwangu, ile ekari ya bondeni, picha zinasema magunia manane, mimi nilisema ishirini na mawili. Mwalimu kasema haipokei kazi mpaka Gloria aeleze tofauti hiyo. Wiki ya tatu sasa mtoto anarudia hesabu, kakonda. Juzi kanipigia simu kwamba anaacha chuo, bora akaandike mizigo ya malori Tunduma. Nimechoka na huyo mwalimu, nimechoka na setilaiti, na mahindi yenyewe sitaki kuyaona.

Lakini dada, nikwambie wewe kwanza. Mbolea ilichelewa, bondeni nilipata magunia manane na debe mbili. Siku ya kuandikisha, Watson alikuwa amesimama palepale, kashataja kumi na sita yake. Mama wa msomi niseme manane? Nikajumlisha na ya shamba la mlimani, ambalo Gloria hakulipima. Hesabu yake haina kosa. Mwongo ni mimi.

Yeye bado hajui. Siku hiyo ya mwalimu nimewaita wenye mashamba wote, Watson pia, niseme mbele yao kama nilivyodanganya mbele yao. Peke yangu sitaweza, njoo ukae karibu yangu. Shemeji na watoto nawasalimu sana.

Mdogo wako akupendaye,
Ketrina, Mama Gloria

Tunakutana bondeni saa nne asubuhi, Jumamosi tarehe kumi na tisa.