Bajeti ya Mtu Mmoja

3 Machi

Mwanangu mpenzi,

Naamini barua hii inakukuta mzima na yale mafua yameshakuacha. Mimi sijambo, isipokuwa magoti, ambayo siku hizi huamka kabla yangu ili yapate nafasi ya kulalamika.

Utakuwa umesikia kwa baba yako. Kesi ya talaka yangu na Mkurugenzi wenu, ambaye katika ndoa yetu hajawahi kuongoza chochote ila kiti cha sebuleni, inamalizika mwezi ujao. Nyumba itauzwa, kila mtu na nusu yake. Sasa baba yako, kaka yangu huyo, anataka nusu yangu ilipwe mkononi mwake, "anitunzie", nami nihamie chumba chake cha uani. Karatasi ya kutia sahihi ameshaiandaa. Anasema mwanamke wa miaka hamsini na mbili hawezi kuanza kujitegemea. Kama naweza, nimwonyeshe kwenye kikao cha ukoo, tarehe ishirini na nane.

Basi nimeandika bajeti. Mimi ni fundi cherehani, kupima ndiyo kazi yangu, lakini maisha ya mtu mmoja sijawahi kuyapima. Nimeiweka humu ndani. Wewe ndiye karani wa mishahara wa ukoo huu, ipitie. Usicheke mbele za watu.

Shangazi yako

10 Machi

Shikamoo shangazi,

Mafua yamekwisha, magoti nayapa pole. Bajeti nimeisomea kazini na nimecheka mbele za watu, nisamehe.

Shangazi, umeweka nyembe za kunyolea. Umeweka magazeti, dawa ya viatu vyeusi na vocha ya simu ya Mkurugenzi. Umeweka maziwa ya mama mkwe wako, ambaye tulimzika miaka mitatu iliyopita. Wewe mwenyewe nimekutafuta mstari kwa mstari, hupo. Huli, huvai, huugui. Hata ile miwani unayoizungumzia kila mwaka sijaiona.

Kwenye mapato umeandika "sare za shule, kidogo". Kidogo si tarakimu. Chukua daftari la wateja, jumlisha mwaka mzima, gawa kwa kumi na mbili. Usitazame mwezi wa kufungua shule peke yake, huo utakudanganya kwamba wewe ni tajiri.

Baba hajui kama tunaandikiana. Iandike upya.

Binti yako

19 Machi

Marahaba mwanangu,

Uzima upo, na aibu ipo pia. Miaka ishirini na sita nimepanga matumizi ya nyumba ile, mkono umezoea kuandika watu wengine. Nilikaa kwenye meza ya kukatia nguo nikamfuta mwanamume mzima kwa rula. Marehemu nilimwomba radhi kwanza. Yeye angalau alikuwa akisema asante.

Nilitaka kupanga vyumba viwili, majirani waone sijaanguka. Hesabu zikanionyesha kwamba majirani hawachangii kodi. Nimepata chumba kimoja chenye baraza, cherehani inatosha, na lango la shule liko ng'ambo ya barabara. Nusu yangu ya nyumba itakaa benki kwa jina langu, nichukue kidogo miezi ambayo shule zimefungwa na hakuna anayeshona.

Miwani nimeshanunua. Sasa naiona mishono niliyokuwa nikijisifia, na nawahurumia wateja wangu.

Shangazi yako

30 Machi

Mwanangu,

Hujajibu, najua ni mwisho wa mwezi na mishahara ya watu imekukalia shingoni. Nakutakia nguvu. Mimi nimelala vizuri siku mbili mfululizo.

Kikaoni kaka aliisoma bajeti akitafuta tundu. "Ukiugua?"

"Mstari wa tisa."

"Cherehani ikiharibika?"

"Wa kumi, kaka."

Akafika wa mwisho. "Hapa umeandika 'Bila maelezo'. Ni za kununulia nini?"

"Ni za bila maelezo."

"Lakini lazima ziwe na kazi."

"Kaka, tangu niolewe sijawahi kuomba nauli bila kueleza naenda wapi, kwa nani na nitarudi saa ngapi. Mstari huo haujibu maswali. Ni mdogo, ona, haufiki hata bei ya viatu. Lakini ukiufuta wewe, nami nitaifuta hiyo karatasi yako."

Mama yako alikohoa kile kikohozi chake kisicho na ugonjwa, kisha akaniomba bajeti anakili ule mstari. Baba yako akatutazama wote wawili kama mtu aliyekuta mlango wake umebadilishwa kitasa. Karatasi akaikunja, akairudisha mfukoni. Sikutia sahihi, na mahakamani nitasimama kwa jina langu.

Kodi ya miezi mitatu nimelipa. Nahamia Jumamosi.

Kaka alinisindikiza hadi mlangoni, mpole kabisa. "Na mumeo je," akauliza, "yeye ataishije?"

Nikamwambia na yeye aandike bajeti.

Shangazi yako