Kiondo Chenye Mimba

Mama,

Tangu tulipokuzika umeanza kuwa mtu nisiyemjua. Ulinifunza kuipima hasira kabla ya kuitoa. Nimeipima, haipungui.

Jana nilitoka Ruring'u, ninakofundisha, nikaja nyumbani kuona kikundi chenu cha wasusi kikitundika kiondo chako ukutani. Mwenyekiti, Mama Njoki, alihutubia. Alisema ulioneshwa umbo lile katika maombi, ukalipanga uzi kwa uzi. Wakapiga makofi.

Si kweli. Ulikuwa ukisuka huku ukipanda kilima, kuni mgongoni, ukibishana na shangazi kuhusu mahari ya mtu. Ukaongeza nyuzi pasipopaswa. Ulipogundua, ukavuta kwa nguvu. Kiondo kikafura tumbo, mdomo ukabana. Mama Njoki mwenyewe alikupokea mtoni: "Ati kiondo yako iko na mimba? Itazaa lini?" Ulicheka kuliko wote. Ungekifumua, lakini siku ya soko ilikuwa imefika na hukuwa na kingine.

Ulikuwa mwaka wa kwanza wa Uhuru, msimu wa mvua. Kwenye mteremko wa Karatina, wewe na Mama Njoki mliteleza nyote wawili. Maharagwe yake yalitapakaa matopeni. Yako yalibaki tumboni mwa kiondo. Siku chache baadaye alisimama mlangoni petu, sauti chini: "Mama Gathoni, nisukie hiyo ya mimba."

Hotuba ningeisamehe. Lakini makofi hayajapoa, chini ya kiondo chako hicho hicho, alikiinua kiondo cha Wambui, mjane kijana aliyejiunga nao majuzi. Kilikuwa kimepinda ubavu. "Fumua. Hapa hatusuki makosa." Wambui akaanza kuvuta uzi bila kuinua macho.

Nikasimama. Nikaeleza yote: kuni, shangazi, matope.

"Gathoni! Unaaibisha mama yako mbele ya watu?"

Nilimjibu kwamba anayekuaibisha ni yule anayekunyang'anya kosa lako, kisha akamkataza mwingine kuwa na lake. Bibi mmoja nyuma akaanza kucheka: "Na wewe Njoki, si tuliokota hizo maharagwe na wewe?" Mkono wa Wambui ukasita.

Nilikiomba kiondo chake. Sijui kama kitafaa kwa lolote, Mama. Wewe pia hukujua; ulikibeba chako tu.

Pumzika. Siku ya soko nitakijaza maharagwe na kuteremka nacho mteremko ule ule. Yakimwagika, nitapiga magoti niyaokote, na Wambui mwenyewe ataamua kama atafumua. Lakini hatafumua kabla kiondo hakijafika sokoni. Hilo nakuahidi.

Mwanao,
Gathoni